Muulize Maalim: Birika lililo ndani ya jani

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani kwangu Langoni, mtaa wa mji wa Lamu (Amu kwetu), na nne kati yake zimefuatana utadhani walioziandika walikaa jamvi moja. Mmoja ana madebe ya mchicha, mmoja ana mtihani, mmoja ana shoka, na wa mwisho ni mtoto. Wote wauliza maji yaendaje ndani ya jani. (Sisi Waamu twasema mai, lakini mhariri hapendi.) Naanza na aliye na hasara.

SWALI
Maalim, shikamoo. Nina madebe sita ya mchicha uani. Ulinawiri vizuri, hata majirani wakachuma. Tangu kaskazi ishike, kisima tunachoteka kimepata ladha ya chumvi, na mchicha umelegea wote. Nikitia kidole kwenye udongo, umelowa. Jirani aniambia niongeze maji, nami naongeza asubuhi na jioni, na bado majani yanainama. Yawaje mmea ufe kiu na miguu imo majini?
Mama wa madebe, Shela

JIBU
Marahaba, mwanangu. Mwambie jirani ahsante, lakini ushauri wake usiufuate tena. Kisha tuyaache madebe kidogo, tuingie jikoni.

Nyumbani kwangu kachumbari ni kazi yangu, maana mwenzangu macho yake hayapatani na kitunguu. Nakikata duara nyembamba, nakitia chumvi kijiko kimoja, nakifikicha, nakiacha kwenye bakuli naenda kuswali adhuhuri. Nikirudi, chini ya bakuli pana maji ya rangi ya zambarau hafifu, vijiko viwili au vitatu. Sikutia hata tone. Na kitunguu kilichokuwa kikikatika kwa mlio, sasa chapindika kama uzi. Hayo maji yalikuwa ndani ya kitunguu. Chumvi ilikaa nje ikayaita, yakatoka.

Nilipokuwa nikifundisha baiolojia, jambo hili nililionyesha kwa hadubini. Hadubini yenyewe ilikuwa moja kwa wanafunzi arubaini na lenzi yake ina ufa, kwa hivyo kila seli ilionekana ina radi, lakini ilitosha. Chukua kitunguu chekundu, bandua ile ngozi nyembamba ya juu ya ganda lake, ukubwa wa kucha, uitandaze kwenye kioo na tone la maji matamu. Utaona vyumba virefu vimepangwa kama matofali, kila chumba kimejaa zambarau mpaka kwenye pembe. Sasa weka tone la maji ya chumvi upande mmoja wa kioo, na upande wa pili gusisha karatasi inayonyonya ili ivute maji matamu. Dakika moja au mbili hivi, zambarau huanza kujitoa pembeni. Kwanza pembe, kisha ubavu. Hujikusanya katikati kama tui linalokaukia sufuriani, na kadiri inavyopungua ndivyo rangi inavyokolea, kwa sababu rangi imebaki na maji yamekwenda. Ukuta wa chumba uko pale pale. Rudisha maji matamu kabla hujachelewa, na zambarau hufura tena mpaka ukutani. Darasa zima lilikuwa linapiga kelele hapo, na mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili alikuwa akinichukia kwa hilo.

Kwa macho hayo mtazame mchicha wako. Jani halina mfupa. Limesimama kwa sababu kila seli imejaa maji na inausukuma ukuta wake kwa ndani, kama upepo kwenye tairi. Tairi la gari dogo hutiwa paundi thelathini na kitu. Seli ya jani lililoshiba yaweza kuwa na paundi 70 hadi 140, na haipasuki kwa kuwa ukuta wake una nyuzi ngumu za selulosi. Upepo huo ukipungua, jani linalala.

Na hapa ndipo ushauri wa jirani unapokosea. Yeye adhani mmea huvuta maji kama pampu ya kisima. Seli haina pampu ya maji. Pampu ilizo nazo ni za chumvi na vitu vya namna hiyo: huvisukuma ndani au nje, kwa gharama ya nguvu zake, na maji yenyewe hufuata palipo na vitu vingi vilivyoyeyuka. Wazee walisema maji hufuata mkondo, na ndani ya mmea mkondo huchorwa na chumvi na sukari, pamoja na mvuto wa jua linalokausha jani. Mchicha wako ulikuwa na chumvi na sukari nyingi ndani kuliko udongo, basi maji yaliingia. Wewe umemwaga maji ya chumvi asubuhi, jua la kaskazi likayakausha yale maji na kuiacha chumvi, ukaongeza jioni. Kila siku umeweka kijiko kingine kwenye bakuli la kachumbari. Udongo umelowa, ni kweli, lakini maji yake yameshikwa na chumvi, na mzizi hauwezi kuyanyang'anya.

Fanya hivi. Toboa madebe chini kama hayana matundu. Tafuta maji matamu, ya mvua uliyoweka au ya kununua mitungi michache, uyamwage mengi kwa pamoja mpaka yatoke chini yakikimbia, ili yaishushe chumvi. Kumwagia kidogo kidogo hakutasaidia. Baada ya hapo mwagilia jioni, na ufunike udongo kwa makuti makavu ili jua lisiunyonye. Mchicha unaolegea saa saba mchana na kusimama magharibi usikutie wasiwasi, huo umezidiwa na jua tu. Ule ambao alfajiri bado umelala ndio wa kuharakishia.

Na fungu la mchicha lililokunyaukia sokoni, usilinyunyizie majani, maana jani limepakwa nta na huingiza kidogo sana. Likate mashina chini, lisimamishe kwenye kikombe cha maji matamu, lifunike na kanga nyevu. Kabla hujamaliza kupika wali litakuwa limesimama.

SWALI
Shikamoo Maalim. Niko kidato cha tatu. Kitabu chetu kina mchoro wa jani wenye mishale mitatu, kutoka kwenye mshipa mpaka kwenye kitundu cha kutolea mvuke. Mwalimu alisema tuikariri. Mimi nauliza, maji hasa hupita wapi? Na yakiingia ndani ya seli hupita katikati ya vakuoli au huizunguka?
Mwanafunzi, Mokowe

JIBU
Marahaba. Mwalimu wako ana silabasi ya kumaliza, usimlaumu, lakini swali lako la pili ni zuri kuliko mishale yote mitatu.

Ukivuka na boti kuja Amu, pita vichochoro vya Mkomani ukiwa na mchoro huo mkononi. Mzigo unaotoka gatini una njia tatu. Waweza kupita kichochoroni juu ya punda, nje ya nyumba zote, usiingie kwa mtu. Ndivyo yafanyavyo maji yanayopita ndani ya kuta za seli, kwa maana ukuta una matundu mengi na maji huyapita bila kubisha hodi. Njia ya pili ni wikio, lile daraja la juu linalounganisha nyumba mbili zilizotengwa na kichochoro, walilolitumia mabibi zetu kwenda kwa jamaa bila kukanyaga njiani. Seli nazo zina viwikio vyao, vijitundu vinavyopenya ukuta, upana wake kama sehemu 50 kati ya milioni moja za milimita, na ute wa seli hii huungana humo na ute wa seli ya pili. Njia ya tatu ni kutoka kwa mlango wa nyumba hii na kuingia kwa mlango wa ile, yaani kuvuka utando, kisha utando mwingine.

Nyumba yenyewe sasa. Seli ya jani lililokomaa ina ukuta nje. Nyuma ya ukuta pana utando mwembamba. Nyuma ya utando pana saitoplazimu, ule ute wenye kloroplasti za kijani na kazi zote za uhai. Halafu katikati pana vakuoli, mfuko wa maji yenye chumvi, sukari na asidi, wenye utando wake wa pekee uitwao tonoplasti. Ile zambarau ya kitunguu niliyomwambia mama wa Shela imo humo, kwenye vakuoli.

Vakuoli ni birika. Umeyaona mabirika ya nyumba za zamani hapa, yaliyojengwa kwa chokaa chooni, na samaki wadogo ndani wa kula viluwiluwi vya mbu. Ila katika seli, birika limekula nyumba. Sehemu nane au tisa katika kumi za nafasi yote ni birika, na wenye nyumba wamebanwa ukutani, wamesimama mgongo kwa mgongo kwenye ukanda mwembamba wa saitoplazimu unaolizunguka.

Basi fikiria saa sita mchana. Vitundu vya jani viko wazi kuingiza hewa ya kaboni, mvuke unatoka, kuta za seli zinakauka, na maji yanavutwa kutoka ndani ya seli. Yatatoka wapi kwanza? Kwenye ule ukanda mwembamba, ulio karibu na nje, na ambao ndio wenye kazi nyeti. Kama birika lingetoa maji polepole, ukanda ungenyauka na birika limejaa. Mtu angekufa kiu amekaa juu ya birika.

Lakini seli haifi hivyo. Mwaka 1997 watafiti walitenganisha tando za seli za tumbaku, wakapima jinsi kila mmoja unavyopitisha maji, na tonoplasti ikaupita ule utando wa nje kwa kama mara mia moja. Yaani mlango wa barabarani umebanwa, na mlango wa birika uko wazi. Maji yakivutwa upande wa nje, birika hujazia ukanda papo hapo, na ukanda hubaki na kiasi chake. Seli nzima hupungua, lakini anayepungua zaidi ni birika, ambaye ndiye mwenye cha kutoa. Ukirudi kwenye swali lako basi: maji yanaweza kuzunguka vakuoli kwenye ukanda, na yanaweza kuikata katikati, na kwa mlango mpana namna hiyo hakuna kikubwa kinachoyazuia kukata katikati. Chembe za maji huingia na kutoka pande zote mbili muda wote. Tunachokiita "maji kwenda" ni ile ziada ya upande mmoja.

Milango yenyewe ni nini? Zamani walimu wetu walituambia maji hupenya utando tu, basi. Hupenya kweli, lakini kwa uzito. Peter Agre, daktari wa Marekani aliyekuwa Baltimore, alikuwa akichunguza damu, akakutana na protini tele kwenye chembe nyekundu isiyojulikana kazi yake. Yeye na wenzake wakachukua mayai ya chura, ambayo hukaa majini bila kufura, wakayapa maagizo ya kuunda protini ile, wakayatumbukiza kwenye maji matamu. Yakafura, yakapasuka. Hiyo ni 1992, na mwaka 2003 Agre akapata Tuzo ya Nobel ya kemia akiwa na mwenzake mmoja. Protini hizo zaitwa akwaporini. Kila moja ni tundu linalopitisha molekuli za maji moja moja, zimejipanga foleni, na hata hivyo hupita mamilioni kwa mamilioni kila sekunde, chumvi haipiti. Mwaka 1993 ikapatikana ya kwanza ya mmea, na unajua ilitoka wapi? Kwenye tonoplasti. Kwenye mlango wa birika! Mmea mdogo wa Arabidopsis ambao wanasayansi huuchezea sana una jeni 35 za akwaporini, wakati sisi binadamu tuna 13 tu. Mtu akiwa na kiu hwenda kisimani, mmea hauna miguu, lazima uwe na milango mingi.

Na milango hiyo hufungwa. Udongo ukifurika na mizizi ikakosa hewa, ute wa seli huwa mkali kama ndimu kidogo, na ukali huo huzifunga akwaporini za mizizi. Ndiyo maana mmea uliofurikiwa nao hulegea. Kwa hivyo ukiniuliza kati ya mishale mitatu upi hubeba maji mengi zaidi, nakwambia inategemea mmea, saa na hali, kwa sababu kuta hazina milango ya kufunga lakini tando zinayo.

Kloroplasti nazo zina tando zao na hupungua na kufura pamoja na seli. Humo ndani maji hupasuliwa kwa mwanga na oksijeni hutoka, lakini katika maji yote yanayopanda kutoka mzizini, yanayotumiwa hivyo hayafiki sehemu moja kwa mia. Takriban yote huondoka kama mvuke.

Kwenye mtihani chora mishale mitatu na uandike majina ya kitabuni. Mtahini hajui wikio.

SWALI
Maalim, masalkheri. Mimi ni mkata boriti, na babangu alikuwa mkata boriti. Jani la mchu, ule mti wa baharini wa jamii ya mikoko, nikililamba lina chumvi hasa, wakati wa jua utaona hata vijipunje vinang'aa. Jani la mkoko halina. Miti yote miwili imesimama maji yale yale. Kwa nini mmoja atoe jasho la chumvi na mwingine asitoe? Na kama chumvi huyatoa maji kwenye mboga, mikoko haifi kwa nini?
Kipungani

JIBU
Masalkheri, bwana. Ulimi wako umekuwa maabara nzuri.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Kwa kipimo chetu cha tairi, chumvi hiyo huyashika maji kwa nguvu ya paundi 350 hivi. Mti unaotaka kunywa pale lazima uvute zaidi ya hapo. Na wavuta. Mwaka 1965 mwanasayansi Scholander na wenzake walikata vitawi vya miti mbalimbali, ya baharini ikiwemo, wakavifunga ndani ya chombo cha chuma huku kikonyo kimetokeza nje, wakatia gesi mpaka maji ya kitawi yakachungulia kwenye mkato. Nguvu iliyotakiwa kuyarudisha maji kwenye mkato ndiyo nguvu ambayo jani lilikuwa likiyavutia. Mikoko ilipita paundi 400.

Mizizi ya miti yote miwili huchuja, na sehemu kubwa sana ya chumvi hubaki matopeni. Mkoko huchuja kwa ukali zaidi. Mchu huachia nyingi kuliko mkoko ikapanda, halafu vitezi vidogo kwenye jani huisukuma nje. Hiyo ndiyo unayoilamba. Maji kidogo hufuata chumvi ile, jua hukausha, punje hubaki.

Lakini chumvi nyingine hubaki ndani ya jani, na inafaa ibaki, kwa sababu bila kitu cha kuvutia seli haivuti. Ikikaa kwenye saitoplazimu itaharibu protini. Basi mti huisukumia kwenye birika na kuifungia huko. Halafu ingekuwa balaa nyingine: birika lenye chumvi lingeufyonza ukanda mwembamba ulio kando yake, kwa kuwa mlango uko wazi, kama nilivyomwambia kijana wa Mokowe. Kwa hivyo mchu hutengeneza kitu kingine, glisini-betaini, kisichodhuru protini hata kikijaa, na kukiweka kwenye ukanda ili mizani ya pande mbili iwe sawa. Mchicha wa Shela hujaribu mbinu ya namna hiyo, lakini nguvu zake ni ndogo, haufiki nusu ya njia.

SWALI
Maalim, nikigusa kifauwongo kinajifanya kimekufa. Kinaogopa? Nina miaka tisa.
Mpeketoni

JIBU
Mjukuu wangu, chini ya kila kijani chake pana kifundo kidogo, kinene kuliko kikonyo. Kichungulie kwa karibu. Seli za upande mmoja wa kifundo zimejaa maji na ndizo zinazokiweka wazi. Ukigusa, habari hukimbia kama umeme, seli zile hutoa potasiamu, maji hufuata mbio, upande ule hulegea na jani hulala. Yote hayo kwa sekunde moja. Kuogopa sijui kama ni neno lake.

Kuirudisha potasiamu ni kazi, kwa hivyo mpe dakika kumi na tano hivi. Ukimgusa tena na tena bila kumuumiza, baada ya muda atazoea na hatafunga, nawe utarudi kwa mamako useme Maalim ni mwongo.